Kumwachia Ndege Kipofu Si Sadaka

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo baadhi ya wasomaji watalidharau kabla ya kumaliza ukurasa: ndege wa kufugwa aliyepofuka ndani ya tundu lake. Tunawaomba wasome hadi mwisho, kisha wahukumu. Hatuandiki habari ya ndege peke yake. Tunaandika habari ya amana, na amana haipungui uzito kwa sababu kilichowekwa amana ni kidogo.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi hivi, alikuja madrasa amebeba tundu. Ndani yake mlikuwa na chiriku wa manjano, wale wanaoitwa kanari, macho yake yote mawili yamefunga utando mweupe. Akatuuliza: "Ustadh, ndege huyu haoni tena. Baba amesema hana faida, nimwondoe nyumbani. Nimfanye nini?" Darasa lilikuwa linatusubiri. Tukamjibu kwa haraka: "Mwachie huru, mwanangu, utapata thawabu."

Mtoto akatii. Alifungua mlango wa tundu pale pale uani, lakini ndege hakutoka, ikabidi amtoe kwa mkono. Akaruka kiasi cha pima mbili, akagonga ukuta, akaanguka. Kabla ya adhana ya Alasiri kunguru walikuwa wamekwisha kummaliza. Mtoto akaja kwetu na manyoya machache mkononi, akauliza: "Ustadh, thawabu ziko wapi hapa?"

Hatukuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na tunakiri kuwa limechelewa.

MILANGO MIWILI

Tangu siku ile tumewauliza wafugaji na tumevirudia vitabu, na tumeona kwamba jibu letu la haraka ndilo jibu la watu wengi. Ndege akipofuka, wako wanaomtoa nje wakisema wamemwacha huru. Wako wanaomwacha tunduni bila kumwangalia, wakingoja afe kwa kudra. Wako wanaowapa watoto wamchezee. Na wote hao, ukiwauliza, watakwambia wamefanya huruma.

Hebu tuirudie hadithi ambayo kila mtoto wa chuo anaijua, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Kosa lake limeelezwa kwa pande mbili: hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe wadudu wa ardhini. Tuzingatie vizuri pande hizo mbili. Aliyemfunga mnyama amewekewa milango miwili ya kutokea: amlishe, au amwachie ajilishe. Mlango wa pili haukutajwa kuwa ni kumwachia tu. Umetajwa pamoja na riziki ambayo mnyama huyo anaweza kuifikia.

Sasa ndege kipofu ataifikia riziki gani? Haioni punje, haoni tawi la kutua, hamwoni paka wala kunguru. Kwake yeye mlango wa pili umefungwa, na hatukuufunga sisi kwa kufuli. Umefungwa na hali yake. Umebaki mlango mmoja tu: alishwe na aliyemweka tunduni. Anayemtoa nje akasema "nimempa uhuru" amefanya lile lile la mwenye paka, tofauti ni kwamba huyu hakutaka kuiona maiti.

Na ikiwa yuko anayedhani tunatia chumvi, naatazame yaliyowapata chiriku wa Marekani. Kuna aina ya chiriku wenye asili ya magharibi ya nchi hiyo ambao walikuwa wakiuzwa New York kama ndege wa tundu, na mnamo mwaka 1940 hivi baadhi yao wakaachiwa huko, wakazaliana mashariki yote. Mwaka 1994 walionekana karibu na Washington wakiwa na macho yaliyovimba na kufumba. Sababu ilikuwa bakteria wa jamii ya mikoplasma, aliyekuwa akijulikana kwa kuku na bata mzinga. Ndege wengi hawakufa kwa ugonjwa wenyewe; walikufa kwa njaa, au waliliwa, kwa kuwa hawakuona. Hao ni ndege waliozaliwa porini, wanaojua kila mti. Basi itakuwaje kwa yule aliyezaliwa tunduni, ambaye hajapata kutafuta punje moja maishani mwake?

WANAVYUONI WALIKWISHA SEMA

Wapo watakaodhani kwamba haya ni mambo mapya, tumeyachukua kwa Wazungu wenye vyama vya kutetea wanyama. La hasha. Imam Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Ya kwanza aliyoiandika ni kwamba mwenye mnyama ampe matumizi yanayomstahiki, hata akiwa amezeeka au amepatwa na maradhi yasiyopona, kiasi cha kutokuwa na manufaa yoyote kwa mwenyewe. Msomaji na alipime neno hilo na neno la yule mzazi: "hana faida." Hukumu imewekwa kwa ajili ya siku ile ile ambayo faida imekwisha. Kumlisha mwenye faida hakuhitaji hukumu. Tamaa peke yake inatosha.

Naye Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana katika vyuo vya pwani yetu, ameeleza kwamba mwenye mnyama anayekataa kumlisha hulazimishwa moja kati ya mambo haya: amuuze, amlishe, au amchinje ikiwa ni mnyama anayeliwa. Hakuna la nne. Kumtupa hakumo, na kumwacha afe polepole hakumo. Na anayetaka kumuuza ajue kwamba upofu ni aibu ya bidhaa ambayo ni wajibu kumwonesha mnunuzi. Tumesikia habari za wauzaji wanaomweka ndege kipofu katikati ya wenzake sokoni ili asijulikane. Huo ni ghushi, na mwenye ghushi anajua alivyoonywa na Mtume (S.A.W.).

WALIOPOFUSHWA KWA SINDANO

Katika nchi ya Ubelgiji, upande wa Flanders, upo mchezo wa kushindanisha chiriku, ambao kumbukumbu zake zilizoandikwa zinarudi hadi mwaka 1593. Visanduku vyenye ndege hupangwa safu barabarani, na kwa muda wa saa moja waamuzi huhesabu milio ya kila ndege kwa kuchora alama za chaki juu ya fimbo ndefu. Aliyelia mara nyingi zaidi ndiye mshindi.

Wafugaji wa zamani waliamini kwamba ndege asiyeona hashughulishwi na chochote, basi huimba zaidi. Kwa hiyo walichukua sindano au waya ulioungua motoni, wakamfumba macho kiumbe ambaye uzito wake haufiki gramu 30. Wakafanya hivyo kwa vizazi na vizazi, na hawakujiona kuwa ni watu wabaya. Walijiona ni wapenzi wa ndege.

Ni nani aliyewazuia? Vita Kuu ya kwanza ya Dunia ilipokwisha mwaka 1918, walirudi askari waliopoteza macho yao vitani. Askari hao vipofu ndio waliosimama kuwatetea chiriku, na mwaka 1920 kitendo cha kuwapofusha kikapigwa marufuku. Hawakuwa na hoja ndefu. Walikuwa wanajua giza ni nini.

Tunaitaja habari hii kwa mambo mawili. La kwanza: mchezo ule unaendelea, na ndege wenye macho yao wanaimba. Kumbe dhulma yote ile haikuwa na haja. La pili ndilo linalotuchoma zaidi: ndege waliopofushwa waliishi na wakaimba, kwa sababu mabwana zao waliwalisha na kuwanywesha ili wapate sauti yao. Kama mtu aliyemchoma ndege macho aliweza kumtunza kipofu kwa ajili ya ushindi wa mtaani, sisi tunaodai kutaraji malipo ya Akhera tunashindwa na nini?

TUNAOPOFUSHA BILA SINDANO

Tusiharakishe kuwalaani Waflemi. Sindano hatuna, lakini yapo macho yanayopotea mikononi mwetu kwa uzembe.

Kwanza ni chakula. Ndege anayelishwa uwele na ulezi peke yake mwaka mzima hukosa vitamini A. Kope huvimba, macho hutoa uchafu, na mwisho huharibika. Dawa yake ni nyepesi: jani la mchicha lililooshwa, karoti iliyokunwa, na kipande kidogo cha yai la kuchemsha.

Pili ni mbu. Ndui ya ndege huenezwa na mbu, na vidonda vyake hutoka hata kwenye kope mpaka jicho likafumba. Mtu analala ndani ya chandarua, na tundu lake linaning'inia barazani wazi. Kipande cha chandarua kuukuu juu ya tundu kinatosha.

Tatu ni uchafu na moshi. Kinyesi kilicholundikana hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu. Nasi watu wa pwani tunapenda udi na ubani. Hakuna ubaya, lakini chetezo kisiwekwe chini ya tundu, kwani pumzi ya ndege ni nyepesi mno kuharibika kwa moshi.

Nne ni kuzalisha bila kuuliza. Upo mtoto wa jicho wa kurithi. Mwaka 1983 madaktari wa mifugo waliueleza kwa kanari wa aina za Yorkshire na Norwich, wakabainisha kwamba wazazi wawili wanaoona vizuri wanaweza kuibeba ila hiyo na kumzalia mtoto atakayepofuka. Mfugaji anayeona vifaranga vyake vinapofuka mmoja baada ya mwingine, akaendelea kuwazalisha wazazi wale wale kwa sababu rangi yao inauzika, na ajiulize yuko mbali kiasi gani na mwenye sindano.

NAMNA YA KUMTUNZA

Mwenye ndege kwanza na ahakikishe. Ndege anayepofuka hakosi dalili: hakitegi kichwa mkono unapopita, hukikosa kijiti anaporuka, hukaa sakafuni, au hung'ang'ania karibu na kibakuli. Akiwa na jicho moja zima, huligeuza daima mbele na hushtuka akiguswa upande wa pili. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema, kwani uvimbe na maambukizo huweza kutibiwa. Na ikiwa ni maambukizo atengwe na wenzake, na vyombo vyake vioshwe mbali.

Ikithibiti kwamba hataona tena, na afanyiwe haya:

1. Tundu lake lisibadilishwe. Kipofu huihifadhi nyumba yake kama mwanafunzi anavyohifadhi sura. Ukihamisha kijiti, umemfutia aliyohifadhi. Vijiti viwe vichache, vya chini karibu na sakafu, na chini kutandikwe karatasi au kitambaa ili akianguka asiumie. Bembea na vikorokoro viondolewe.

2. Chakula na maji viwe pale pale kila siku. Mwanzoni umwage punje chache sakafuni kuelekea kibakuli, na ugonge kibakuli kwa kidole ili aufuate mlio. Maji yawe katika chombo cha kina kifupi, mfano wa kifuniko cha chupa kubwa, asije akazama.

3. Usidanganywe na makapi. Chiriku humenya punje na kuacha ganda pale pale, na kibakuli kikaonekana kimejaa ilhali hakina hata punje moja nzima. Upepete kila asubuhi. Ndege mdogo hana akiba mwilini. Siku moja bila kula yaweza kumuua. Wangapi wamekufa kwa njaa mbele ya kibakuli kilichojaa maganda, na mwenyewe akaapa kwamba alimlisha!

4. Mwambie kabla ya kumgusa. Tumemwona mfugaji mmoja ambaye kila anapotia mkono tunduni hutanguliza Bismillahi kwa sauti ya kawaida. Baada ya wiki chache ndege hakushtuka tena; akilisikia neno hilo husogea upande wa kibakuli. Mkono unaoingia kimya, kwa asiyeona, hauna tofauti na ukucha wa kunguru.

5. Usimtie katika kundi. Wenye macho humsukuma na kumnyang'anya. Mwenza mmoja mpole anafaa, kwani sauti yake humwongoza, lakini siku za mwanzo waangaliwe kwa karibu.

6. Usimweke gizani kwa kusema "yeye haoni." Mwaka 1968 Michael Menaker wa Marekani alichapisha majaribio yake juu ya shomoro wasio na macho, nao walikuwa bado wanafuata mchana na usiku. Mwanga hupenya fuvu jembamba la ndege ukafika ndani ya ubongo. Hatuisifu njia aliyoipitia kuipata elimu hiyo, lakini elimu imekwisha kupatikana, na ndani yake mna mazingatio kwa mwenye akili. Basi apate nuru ya asubuhi, na usiku apate usiku wake.

7. Alindwe na paka, panya na siafu, wala asitundikwe penye upepo unaoyumbisha tundu.

Hiyo ndiyo kazi yote. Haizidi dakika chache kwa siku, na gharama yake haifiki bei ya vocha ya simu.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Wanasema: "Huyo ni ndege tu." Tunawajibu kwa kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.). Alikuwa na kindege akikicheza, kikafa. Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao alimwona mtoto amehuzunika, akamsemesha kwa upole, akamuuliza habari za kindege chake. Wanavyuoni wameizingatia hadithi hiyo kwa marefu. Ibnul-Qass wa madhehebu ya Shafi aliitungia kijitabu maalumu cha kutoa mafunzo yake. Baadhi yao wametoa humo ruhusa ya kumweka ndege tunduni, kwa sharti la kumlisha na kutomwadhibu. Ajabu ya watu wa leo ni kwamba ruhusa wameichukua, sharti wameliacha.

Wanasema: "Umma unauawa kila upande, nanyi mnaandika habari za ndege?" Hoja hii ina uchungu wa kweli ndani yake, wala hatuifanyii mzaha. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyekaa na Abu Umayr alikuwa na umma wa kuulea, maadui wa kukabiliana nao na wajumbe wa kuwapokea, na hakuona kwamba dakika ile na mtoto na kindege chake ni hasara. Huruma si maji ya mtungi, kwamba ukimpa huyu kikombe yule atakosa. Nasi tumewaona wengi wanaoutaja umma kwa sauti kubwa msikitini, na nyumbani mwao kipofu wa jamaa zao hana wa kumshika mkono kumpeleka sala ya Ijumaa.

Wanasema: "Kumuua ni kumpumzisha." Tunawauliza: kupumzishwa na nini? Ndege kipofu anayekula, anayejisafisha manyoya na anayeimba alfajiri hayumo katika mateso. Anayechoka ni mwenye kumtunza. Aliye katika maumivu yasiyo na tiba, huyo ni wa kuulizwa daktari na mwenye elimu. Ama mwenye afya, uchovu wetu si ugonjwa wake.

Na mwisho wanasema: "Basi ni bora tusifuge kabisa." Hapo tunakubaliana nao. Asiyeweza kumtunza ndege siku atakapopofuka asimnunue siku anapoona.

HITIMISHO

Enyi wazazi, mtoto hujifunza huruma mbele ya tundu kabla hajajifunza kitabuni. Anayemwona baba yake akimtupa nje kiumbe kwa sababu "hana faida" anahifadhi somo hilo, na ipo siku atalisoma kwa baba huyo huyo, macho yake yatakapoingia ukungu na mikono kutetemeka.

Ama sisi, tulimwita yule mtoto, tukasimama naye mbele ya darasa, tukawaambia wanafunzi wote kwamba Ustadh alitoa jibu bila elimu, na kwamba aliyekosea siku ile ni Ustadh, si mtoto. Tunalirudia leo mbele ya wasomaji wetu, tukitaraji kwamba yule ambaye leo jioni atamkuta ndege wake amekaa sakafuni, hajui kijiti kiko wapi, atapepeta kibakuli, atagonga kwa kidole, na kumwita kabla ya kumgusa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyatamka kwa haraka, na ajaalie nyoyo zetu ziwe na huruma kwa kila alichotuweka juu yake.

Wabillahi tawfiq.